Mawazo kwa Herufi Ndogo

Bahati alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa uani kwangu Mulongwe, hapa Uvira, nachambua maharage. Bahati ni mtu mzima sasa, anauza betri na taa za jua kule Kimanga, lakini akizungumza nami sauti yake hurudi kuwa ya mtoto wa miaka saba niliyemkuta kwao Luberizi. Safari hii haikuwa na utoto wowote. "Dada Neema, mama ametuacha," alisema. Nilimwuliza lini. "Jana, jua inashuka. Alikula bugali kidogo, akasema anyooshe mugongo. Akalala, njo ikawa basi." Nilibaki nimekaa, ungo wangu mapajani. Kisha akakohoa kama mtu mwenye ombi. "Tutamuzika kesho, kule kwetu. Na familia iko na neno moja kwako. Lete kile kitabu. Mama alikuwa anatuambia siku zote jina yake iko ndani. Tunataka weye mwenyewe usome mbele ya bantu, basikie."

Nilijibu ndiyo. Ilitoka upesi, kama ndiyo ya mtu aliyekwisha kuzoea. Kisha nikaingia ndani, nikapanda juu ya kiti, nikakishusha kitabu kutoka juu ya kabati. Ni nakala moja tu niliyobaki nayo. Mwaka ule mto ulipoingia chumbani kwangu bila hodi, ulichukua nakala nyingine, ukachukua madaftari, ukazijaza tope kaseti zangu zote, hata zile nilizokuwa nimezifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Majirani walinipa pole ya godoro na sahani, na mimi nililia kaseti. Kitabu hiki kilipona kwa sababu nilikuwa nimekiweka juu kabisa, mbali na macho yangu, na sababu ya kukiweka mbali na macho ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Nimefundisha historia ya muziki chuoni zaidi ya miaka thelathini. Kwa ajili ya kitabu hiki niliitwa mtaalamu, nilipewa cheo, nilialikwa kuzungumza katika miji ambayo mama yake Bahati hakuwahi kuisikia. Na jina la mama yake Bahati halimo. Najua halimo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekiandika.

Mwaka nilipokwenda Luberizi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: kubaki chuoni kama asistanti, yaani mwalimu msaidizi. Nafasi ilikuwa moja. Profesa aliyenisimamia tulimwita Patroni, na mwenyewe alipenda aitwe hivyo. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani moja kichwani, kwamba wimbo wa mkulima ni wa watu wote na hauna mwenyewe. Alinipa mashine ya kunasa sauti, betri, na furushi la karatasi alizoziita fishi. Kila wimbo ulikuwa na fishi yake, yenye mahali, siku, kazi inayoimbiwa na aina ya wimbo. Mstari wa mwisho ulihusu mtungaji, na mstari huo ulikuwa umekwisha kujazwa kwa taipureta kwenye karatasi zote kabla mimi sijatoka mjini, kwa Kifaransa chake safi: hajulikani. Nilimwuliza kwa nini. "Ni kukupunguzia kazi, Mademoiselle," alisema. Nami, kwa ujinga wa ujana, nilimshukuru.

Luberizi nilipangiwa kulala kwa Mama Bahati. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hukunjwa kama nguo ya harusi na kuwekwa chini kabisa ya sanduku, akaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Sikumwuliza jina lingine, na kumwuliza kungekuwa kukosa adabu. Alikuwa amenipita miaka sita au saba, mrefu, mwenye mikono mikubwa na kicheko cha puani. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili vya matofali mabichi. Chumba changu kilikuwa ghala la mpunga; nililala kitandani huku magunia yakinizunguka kama wageni waliochelewa kuondoka, na hadi leo nikipita mahali panapokaushwa mpunga usingizi hunishika. Ukuta wa katikati haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu: Bahati akikataa kuoga, kuku wakigombana, Mama Bahati akisema na wenzake kuhusu bei ya sabuni, kuhusu ng'ombe walioingia shambani, kuhusu mimi. "Huyu mademoiselle, anaandika hata wakati anakula," alisema sauti moja siku ya pili. "Muache," alijibu Mama Bahati. "Kila muntu na jembe yake." Niliandika na maneno hayo pia.

Tulikula kutoka sahani moja, yeye, mimi na Bahati. Bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa hadi ikawa laini kabisa, ndagala wa ziwani siku ambazo mtu alikuwa ametoka Uvira, na wakati wa mavuno wali mtupu uliokuwa na utamu ambao sijaupata tena katika mchele wowote. Alikuwa na tabia ya kusukuma ndagala upande wangu kwa ncha ya kidole, akijifanya anatafuta mwiba. Nikikataa alikasirika kweli. "Kula. Akili inakula nyama kuliko mukono." Nimekula mezani kwa watu wakubwa tangu hapo, na hakuna aliyenipa samaki wake kwa siri.

Siku ya kwanza ya kazi Bahati alikuwa na homa, na mama yake alibaki nyumbani kumfunika. Nilikwenda peke yangu kwenye mashamba, nikakuta wanawake kumi na wawili wamepiga safu, maji yakiwafika katikati ya miguu, wakipalilia mpunga. Kiongozi wa safu alikuwa Mama Faida, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Waliimba wimbo wa polepole ambao ulinisimamisha nywele. Haukuwa na shangwe ya kuhimizana kazi. Mtu mmoja alisema jambo, akaliacha, wengine wakalizunguka, kisha akalirudia limebadilika kidogo. Ubeti mmoja ninao hadi leo, ingawa mto ulichukua kaseti:

Maji inaingia mu shamba, haiulizi jina.
Minye niko na jina, nani ataniuliza?

Walipopumzika nilimfuata Mama Faida na fishi yangu mkononi. Mstari ulisema "aina ya wimbo", nami nikauliza kama nilivyofundishwa: "Mama, hii ni wimbo ya nini?" Alikuwa ananawa matope. Alijibu bila kuinua kichwa: "Ni ya Mawazo." Na ule mwingine walioimba baadaye? "Nayo ni ya Mawazo. Karibu zote zenye tunaimba huku ni za Mawazo." Nikatoa kalamu. Aina mpya! Nyimbo za mawazo, za fikra, za mtu anayewaza huku akilima. Si nilikuwa nimesikia mwenyewe jinsi zinavyowaza? Kwenye mstari wa aina niliandika neno hilo kwa herufi ndogo, na chini yake lilinisubiri lile la taipureta: mtungaji hajulikani. Nimelifikiria kosa hilo mara nyingi kuliko kosa lingine lolote la maisha yangu. Niliuliza ya nini, na Mama Faida akanijibu ya nani, kwa kuwa kwake hilo ndilo swali lenye maana. Na mimi mwenyewe naitwa Neema. Nimekua kati ya watu wanaoitwa Furaha, Riziki, Mateso, Zawadi. Mbele yangu darasani walikaa akina Mawazo wawili. Lakini nilikuwa na karatasi yenye mstari, na mstari ulitaka aina.

Patroni alipopata barua yangu ya kwanza alinijibu kwa kurasa nne. Neno lenyewe alilipigia mistari miwili chini. Alisema nimegundua kitu ambacho wazee wa taaluma walipita juu yake, kwamba mwanamke wa bonde anafikiri kwa wimbo, na kwamba nisilegeze kamba. Sikulegeza. Miezi sita nilikwenda mashambani, na Mama Bahati alikuwepo, akiimba kuliko wote. Nyumbani pia alikubali kukaa mbele ya mashine, miguu ameikunja, Bahati amezuiwa nje asicheke. Kwenye fishi zake niliandika: mwimbaji hodari wa nyimbo za mawazo. Niliona fahari kuishi naye. Mara nyingine, akipepeta mchele mlangoni, alikuwa akijaribu maneno, akiyarudia, akiyatupa, akicheka mwenyewe, na mimi nikaandika kwamba waimbaji hodari wana tabia ya "kuipamba mali ya urithi". Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata nilikuwa mimi, nimelala ndani ya mtungi wenyewe, na sikujua kitu.

Nilijua siku ya kwenda dispansere, zahanati ya pale. Mama Bahati alikuwa amekohoa wiki mbili, na nilimshinikiza hadi akakubali nimsindikize. Tulikaa kwenye benchi refu la mbao pamoja na watu wengine, kila mmoja amekwisha kutoa karatasi yake ya matibabu, na mwuguzi akawa anaziokota moja moja na kusoma majina mlangoni. Aliita mzee mmoja, akaita msichana mwenye mtoto. Kisha akaita: "Mawazo!" Nilitabasamu. Nilitaka hata kumgusa mwenzangu, nimwambie, sikia, neno letu lina mtu. Mama Bahati akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akaingia ndani.

Sijui alikaa mle muda gani. Nakumbuka ukuta uliokuwa mbele yangu, rangi ya kijani hadi kifuani na nyeupe juu. Tulipokuwa njiani kurudi, yeye na vidonge vyake ndani ya karatasi iliyosokotwa, nilimwuliza kama jina lake ni Mawazo. Alishangaa. "Eeh. Mama Bahati ni ya mutoto. Minye niko Mawazo. Mama yangu alinibeba wakati iko na mawazo mingi, njo alinipa hiyo." Nilimwuliza kuhusu zile nyimbo. "Ni zangu. Si balikwambia siku ya kwanza? Nyingine nilitunga niko musichana, nyingine nikiwa hapa." Nilisema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba wenzake wanamwita Mama Bahati siku zote. Alicheka kile kicheko chake cha puani. "Kuniita ni ingine. Wimbo haichukuake jina ya mutoto. Inachukua jina yenye ulizaliwa nayo. Kama hapana, mutoto atasema ni yeye alitunga!" Kisha akasimama katikati ya barabara, akanitazama, na kicheko kikamtoka usoni. "Uliandika?"

"Niliandika," nilimwambia.

Na ilikuwa kweli! Neno lilikuwepo katika kila fishi. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema: "Basi jina yangu iko mu kitabu." Alitembea sehemu yote iliyobaki bila kukohoa, au labda mimi ndiye sikusikia.

Wiki iliyofuata nilipanda lori hadi mjini, nikaenda moja kwa moja kwa Patroni. Ofisi yake ilikuwa na pazia la rangi ya chai na picha ya yeye mwenyewe akiwa kijana. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakukasirika, ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alivua miwani, akaifuta. "Mademoiselle Neema," alisema, "umenieleza kwamba mwanamke mmoja anadai nyimbo ni zake. Kila kijiji kina mtu wa namna hiyo. Sisi hatuandiki historia ya Mama Fulani." Nilisema hadai, kwamba wenzake wote wanajua. "Wanajua nini? Kuna karatasi?" Kisha akafungua droo, akanionyesha kurasa za kwanza zilizokwisha kupigwa chapa, na neno letu limelala kwa herufi za mlalo katikati ya Kifaransa, kama mgeni wa heshima. Na chini ya kurasa hizo ilikuwepo barua ya kunipendekeza kwenye ile nafasi ya asistanti, imeandikwa, imebaki kutiwa sahihi. "Mawazo au mawazo," alisema kwa upole, "ni suala la herufi moja. Utautupa mwaka mzima kwa ajili ya herufi moja?" Nilitazama ile barua. Nilisema hapana, Patroni. Hakunitisha wala hakunilazimisha. Nilikuwa na mdomo, nikautumia kusema hapana hiyo.

Mwisho wa mwaka nilirudi Luberizi na kitabu, kipya, kinanuka wino. Mama Bahati alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kukipokea. Hakuwa amesoma, aliacha shule akiwa na miaka minane. "Jina yangu iko wapi?" aliuliza. Nilifungua, nikaweka kidole changu chini ya neno: mawazo. Aliweka chake juu ya changu, akakipitisha kwenye kila herufi, kutoka kushoto kwenda kulia, mara mbili. Kisha akaenda ndani, akatoka na kitambaa cheupe alichokuwa akikishona kwa ajili ya meza, pamoja na kipande cha mkaa, akaniomba nimwandikie juu yake vilevile kama ilivyo kwenye kitabu. Vilevile. Nilikuwa na nafasi ya kuandika herufi kubwa pale pale, juu ya kitambaa, na hakuna profesa ambaye angejua. Lakini Mama Bahati angeona kwamba haifanani na ya kitabuni. Niliandika kwa herufi ndogo, naye akashona juu ya mkaa wangu kwa uzi mwekundu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na yenye lami. Nilifundisha nyimbo za mawazo kila mwaka, muhula wa pili, kwa sauti ya kujiamini. Wanafunzi wangu waliandika memwari, tasnifu za kumaliza masomo, juu yake. Wawili walizikuta nyimbo za mawazo hata mahali ambapo sidhani mtu alikuwa anawaza. Nilikuwa mwalimu mzuri, nasema bila haya. Niliwafundisha kusikiliza na kushika mapigo, niliwafundisha kutomkatiza mzee anapovuta pumzi. Lakini mwaka mmoja kijana kutoka kule bondeni aliinua mkono nyuma kabisa ya darasa. "Profesere," alisema, "kwetu hakuna nyimbo za mawazo. Kuko nyimbo za Mawazo. Ni muntu. Shangazi yangu analima naye." Darasa lilicheka. Niliona tena ule ukuta wa dispansere, kijani na nyeupe, mbele ya macho yangu. Nilimwuliza: "Una chanzo kilichoandikwa?" Alisema hana. "Basi keti," nikamwambia. Aliketi. Sikumbuki jina lake, na nimejaribu.

Nilimtembelea Mama Bahati kila nilipoweza, barabara iliporuhusu. Kila mara kitambaa kilikuwa mezani, kimefuliwa, uzi mwekundu ukigeuka wa waridi. Aliwaonyesha wageni: "Huyu njo aliniandika." Mara nyingi nilikwenda na sentensi tayari mdomoni, na mara zote alinisukumia ndagala upande wangu, nikala.

Asubuhi ya maziko nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Mulongwe, kitabu kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Njia nzima nilipiga hesabu ya mwoga. Kitabu ni cha Kifaransa, wasomaji pale watakuwa wachache. Nikisoma kwa sauti, herufi kubwa na herufi ndogo hulia sawasawa. Nani atasikia tofauti? Nitasoma "nyimbo za Mawazo", watu wataitikia, Bahati atafuta machozi, mama yake atashuka ardhini kama alivyoishi, akijua yumo. Ingekuwa huruma, niliwaza. Hadi tunapita mashamba ya kwanza ya mpunga nilikuwa nimekwisha kuamua kusoma hivyo.

Nyumba ilikuwa ileile, imeezekwa upya. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani upande wa jikoni, na katikati yao Mama Faida, mzee sana, sauti bado ya kuita ng'ambo. Bahati alinipokea, akanishika mikono yote miwili, akaniongoza hadi mahali msalaba ulipoegemezwa ukutani, wa mbao, mweupe, rangi bado mbichi. "Fundi alitaka kuandika vile yeye anajua," alisema. "Nikakataa. Nikamupa kitambaa ya mama. Nikamwambia, andika vile iko mu kitabu." Juu ya msalaba, kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko wangu wa ujana niliouchora kwa mkaa, paliandikwa: mawazo.

Niliushika ukuta. Bahati alidhani ni majonzi, akanipa kiti. Nilikaa nikitazama ile herufi ya kwanza, ndogo, na nikaelewa kwamba nisiposema sasa atazikwa chini ya kosa langu, na mvua ikija na kulifuta hakuna atakayejua hata kwamba alikuwa mtu. Walipotunyamazisha na kuniita nisome, nilisimama na kitabu kimefungwa. Lugha yangu ya darasani ilinikimbia yote.

"Jina ya mama haiko humu," nilisema. "Kuko neno mawazo, ile ya kuwaza. Hata kule juu ya musalaba njo ile. Muntu anaandikwa na herufi kubwa, na minye nilimuandika na ndogo, nikasema ni aina ya wimbo, nikasema mwenye alitunga hajulikani. Nilikuja kujua mwaka ule ule. Nikanyamaza, juu nilitaka kazi. Zile nyimbo zote ni zake. Mwenye alitunga ni Mawazo, mama ya Bahati, wa hapa Luberizi. Munisamehe kama munaweza."

Kuku alipita kati yetu. Bahati alinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kumtazama. "Mama alikufa anajua iko ndani," alisema mwishowe. Nilisema ndiyo, kwa kuwa mimi ndiye nilimwonyesha, kwa kidole changu. Aligeuka akaingia nyuma ya nyumba, na nilidhani amekwenda ili asinipige. Alirudi na kopo la rangi nyeusi na brashi ya fundi, akaviweka mbele ya miguu yangu. "Tengeneza," alisema.

Nilipiga magoti mbele ya msalaba. Nafasi haikutosha. Herufi kubwa ilipanda juu ya ile ndogo, mguu wake mmoja ukashuka chini ya mstari na kutiririka. Haikuwa nzuri. Mama Faida aliomba kuinuliwa, wakamleta, akainama hadi pua yake ikakaribia mbao. Hakujua kusoma, lakini alinyoosha kidole bila kugusa rangi. "Hii mukubwa, njo yeye?" Nilimwambia njo yeye, Mama. Alitazama tena, akaridhika. Kisha akaanza wimbo, ule wa maji, polepole, na wanawake wakauzunguka, na tukambeba Mawazo hadi kaburini. Nililia kwa sauti, kama mtu wa nyumba ile, na hakuna aliyenizuia.

Tuliporudi tulinawa mikono, wakaanza kugawa bugali. Nilikuwa natafuta mfuko wangu niondoke, nikiamini nimepata zaidi ya nilichostahili, wakati Mama Faida aliponiita kutoka mkekani. Kitabu kilikuwa juu ya mapaja yake, kimefunguliwa, kichwa chini, miguu juu. "Na humu ndani?" aliuliza. Nilimwambia humu bado, Mama, na neno hilo liko karibu kila ukurasa. Alimnyooshea Bahati mkono, na Bahati akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akanipa. Mama Faida alisogea kidogo, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake kwenye mkeka.

"Keti, mutoto yangu," alisema. "Kilio iko siku tatu."